Neno la Kumlaza Meneja

Jumanne, 4 Machi

Meneja ameshindwa tena. Kuku wa jirani yangu Mama Karimi alipita mbele yake na vifaranga, mbwa akainuka. Alikuwa amelala vizuri kwenye gunia lake, kidevu chini, macho kwangu. Kisha kuku. Kisha gunia tupu. Nilimrudisha, nikasema neno tena, nikarudi nyuma. Akalala. Nikageuka kuchukua maji, akainuka. Nilikasirika mpaka nikamtupia kiatu. Kiatu akaniletea. Hilo hakuna aliyemfundisha.

Nyaga alicheka mpaka akashika tumbo. Kazi ya Nyaga ni kuwa mwizi. Kila jioni huyu ndugu yangu mdogo anatokea njia ya mtoni, anaruka ua, anakuja mpaka kwenye miraa, anashika mti na kutikisa matawi. Nisiposema kitu, Meneja amrukie. Nikisema neno, Meneja alale, hata kama Nyaga amepanda mpaka juu kabisa na anaimba. Ya kuruka anaijua, alizaliwa nayo. Hii ya kulala ndiyo inanipa presha.

Bila hiyo nimekwisha. Mavuno yaliyopita alimuuma mchumaji kisigino, wachumaji wote wakashuka mitini na kwenda zao. Nani atapanda mti wa mwenye mbwa kama huyo? Na mimi mwenyewe siruhusiwi kupanda. Hapa Mikinduri mwanamke hapandi mti wa miraa. Wanasema mti utakauka. Miaka yote hii nimesimama chini nikiwatazama wanaume wakivunja matawi kwa uzembe, na hakuna mti hata mmoja uliokaukia wanaume.

Jumatano, 5 Machi

Kuku tena. Leo alitetemeka tu, hakuinuka. Nilimpa kipande cha ngozi ya mbuzi na nikampa Nyaga chapati ya pili. Mama Karimi aliniuliza kupitia ua kama siku hizi nimekuwa mwalimu wa mbwa. Nikamwambia asalimie kuku wake.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya soko. Nilimpeleka Meneja mpaka kwa bucha, mahali ambapo mbwa wote wa Mikinduri wanafanyia mkutano wao. Moshi wa mutura, ile soseji ya matumbo, watu wanakanyagana, boda boda zinapiga honi. Nilisema neno. Alilala. Mate yalitiririka mpaka yakafanya kidimbwi, lakini alilala. Nilijivuna wazi wazi.

Kisha Kobia akapita. Kobia ni kaka ya marehemu mume wangu. Usoni namwita Baba Mwenda na kumpa mkono kwa heshima. Humu daftarini ni Kobia.

"Mama Kinya, sasa hii umbwa ndio umeita Meneja?"

"Ndio, Baba Mwenda. Ile kazi ulikuwa unataka, yeye ameshaipata."

Watu wa bucha walicheka. Yeye pia alicheka, ila kwa meno tu. Najua nitalipia lile neno. Sijali.

Nisijidanganye, najali. Mume wangu Mutuma alipofariki aliniachia miraa ambayo babu yake alipanda. Kabla udongo haujakauka kaburini, Kobia alishaanza kusema mwanamke hawezi kulinda miraa, tena mwanamke wa kutoka Mbeere. Krismasi iliyopita tuliibiwa. Wazee wa ukoo walikuja, wakakaa kwangu, wakanywa chai yangu, wakaamua: tukiibiwa tena, miti inaenda kwa Kobia na yeye atanitunza. Kutunzwa na Kobia! Karo ya binti yangu Kinya pale shule ya bweni ya Kaaga inatoka kwenye matawi hayo. Yuko kidato cha tatu. Miti ikienda, mimi na mtoto wangu tutakuwa tunaomba chumvi kwenye boma letu wenyewe.

Ndiyo maana nina mbwa. Ndiyo maana kila jioni nina mwizi.

Alhamisi, 13 Machi

Neno lenyewe sitaliandika, hata humu. Ni la Kimbeere, la nyumbani kwetu. Mama alilitumia kwa mbuzi. Liko la kumlaza, na liko lingine la kumwachilia.

Nililifikiria sana hili. Ukimfundisha mbwa kulala kwa Kiswahili, umeacha mlango bila kufuli, maana mwizi gani hana Kiswahili? Kwa Kimeru ndio mbaya zaidi. Lakini Kimbeere hapa hakuna wa kukisema. Wenyeji wanadai lugha zetu ni karibu moja, halafu wakijaribu kusema wanatamka kama mtu mwenye kiazi moto mdomoni. Basi ufunguo uko kwa watu wawili. Mimi na Nyaga. Nyaga lazima ajue, kwa sababu nikiugua siku ya kuchuma nani atamlaza Meneja?

Mbwa anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Hilo linaniuma kidogo. Mimi ndiye ninayemlisha.

Nyaga alikuja kwangu na mfuko mmoja, baada ya kiangazi kumaliza mbuzi wa mama kule Ishiara. Alikuwa amekonda hata viatu vinamtoka. Vijana wa hapa wanamwita Muguka, kwa kuwa kwetu tunapanda muguka, ile inayotafunwa majani, na wao, mabwana wa miraa, wanaidharau. Anavumilia. Amejifunza kupanda miti yao vizuri kuliko wao. Nikimwona kule juu najisikia nina mtu wangu mahali hapa. Tangu Mutuma aende sikuwa na mtu wangu.

Jumamosi, 15 Machi

Leo ndiyo leo! Niliwaita wachumaji waje wamwone Meneja kabla hawajakataa tena. Walisimama nje ya geti kama watu waliokuja kutazama simba. Nilimlaza. Wakaingia mmoja mmoja wakikanyaga taratibu. Wakapanda. Wakapiga kelele, wakatupa matawi chini, mmoja akateleza akaanguka karibu kabisa na pua ya Meneja. Nyaga akaweka kipande cha mutura mbele ya miguu yake ya mbele. Kuku akapita na ukoo wake wote.

Alilala.

Niliposema neno la kumwachilia alikula mutura kwa mkupuo mmoja, kisha akazunguka boma lote akikimbia bila sababu. Wachumaji wamekubali. Watakuja Jumatatu ya tarehe 24. Nyaga alimbusu mbwa kwenye paji la uso. Mama Karimi alipiga makofi. Mimi niliingia jikoni nikalia kidogo, nikatoka nikawaambia ni moshi.

Jumatano, 19 Machi

Nyaga amebadilika. Hacheki. Jumatatu nilimwona kwa hoteli ya pale stendi ameketi na Kobia, sahani ya nyama katikati. Nilipomuuliza alisema Baba Mwenda alitaka kujua bei ya mbuzi kule kwetu. Kobia na mbuzi wa Mbeere! Anataka mbuzi wa nini?

Jioni alikataa mazoezi.

"Leo sitaki kuwa mwizi, dada. Nimechoka."

Nikamwambia, basi na chakula cha jioni sitakupakulia, utakiiba. Nilikuwa natania. Siku nyingine angenijibu mpaka nikimbie mimi. Leo alienda kulala na njaa. Labda ni msichana. Vijana wakinyamaza mara nyingi ni msichana.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua imeanza sawasawa. Machipukizi yametoka mekundu, laini, marefu kama kidole. Mti mzee kabisa, ule ambao Mutuma alikuwa anausalimia asubuhi, umechipua kuliko yote. Nilisimama chini yake na nikausalimia mimi. Kama kuna aliyeniona, shauri yake.

Nyaga amejitolea kwenda Kaaga Jumapili kumtembelea Kinya, ili mimi nisiache shamba kwa muda mrefu. Nimefurahi. Nilimkosea kumfikiria vibaya. Nitampondea mtoto mukimo wa viazi na mahindi.

Jumapili, 23 Machi

Wametuibia.

Naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele.

Nyaga aliondoka asubuhi na mapema na mukimo, sabuni na soksi za Kinya. Mimi na Mama Karimi tukaenda kanisani. Niliacha Meneja amefunguliwa, geti limefungwa. Mvua ilipiga mabati ya kanisa hata mahubiri hayakusikika, mchungaji akasema basi tuimbe mpaka ipungue. Tuliimba sana. Niliimba kwa furaha. Nilikuwa nafikiria kesho.

Tuliporudi, geti lilikuwa limefungwa vilevile. Hakuna aliyebweka. Meneja husikia viatu vyangu tangu kwenye mteremko. Nilijua kabla ya kuona.

Miti iko uchi. Hawakuchuma, walirarua. Magome yamechanika. Ule mti mzee umevunjwa tawi zima. Na chini kulikuwa na mabaki ya majani ya ndizi na nyuzi. Walikaa palepale wakafunga vibunda vyao taratibu, kama watu waliokaribishwa.

Meneja alikuwa kwenye gunia lake.

Amelala. Kidevu chini. Ameloa mpaka mifupa inaonekana. Siafu walikuwa wanapita juu ya mguu wake na ngozi yake ilikuwa inaruka ruka yenyewe, lakini mguu haukusogea. Alinitazama. Mkia ulipiga tope mara moja. Mama Karimi akasema, "Uui, wamempa dawa!" Hakuwa amepewa dawa. Hakuwa amefungwa. Hakuwa na jeraha.

Nilisema neno la kumwachilia. Aliruka kama risasi, akakimbia mpaka kwenye miti, akabweka huku na kule, hakuna mtu. Akarudi akanisukumia kichwa kwapani. Alikuwa anatetemeka. Mama Karimi akasema tumshukuru Mungu mbwa ni mzima. Mimi nilikuwa nimekaa matopeni na nguo ya kanisa.

Mtu alimlaza. Mtu alisema neno, na mbwa akafanya kama nilivyomfundisha. Akalala kwenye mvua akiwatazama, hata walipoondoka. Hakuna aliyejisumbua kumwachilia.

Nyaga alirudi jioni. "Kinya anakusalimu, amenona." Alipoona miti alishika kichwa kwa mikono miwili. Meneja alimkimbilia akamlamba mikono.

Nilimpa chai.

Jumatatu, 24 Machi

Wachumaji walikuja kama tulivyopatana. Walitazama juu, wakatazama chini, wakasema pole, wakaenda.

Kobia alikuja na mwavuli. Pole nyingi. Alitembea kutoka mti hadi mti akigusa magome kama daktari. Wazee wanakaa Alhamisi, kwangu, kama kawaida. Niandae chai.

Siku nzima nimetafuta mtu mwingine. Labda kuna aliyejificha mtoni akanisikia nikisema. Labda kuna Mmbeere mwingine hapa Mikinduri nisiyemjua. Labda mbwa aliogopa tu. Nimemtafuta huyo mtu mwingine kwa bidii mpaka kichwa kinauma. Mtu yeyote, Mungu wangu. Nipe yeyote.

Niliwaogopa Wameru wote. Nikasahau Mmbeere mmoja.

Jumanne, 25 Machi

Nilipiga simu ya shule, matroni akaniitia Kinya.

"Mama, mbona mjomba hakuja? Nilimngoja getini mpaka wenzangu wakamaliza kula."

Nilimwambia gari liliharibika. Sasa na mimi nimekuwa mwongo.

Anakusalimu. Amenona. Aliyasema hayo akinitazama machoni, na chai yangu mkononi. Na ule mukimo? Niliuponda kwa mkono huu. Aliula mwenyewe? Aliwapa wale? Ajabu ni kwamba hili la mukimo linaniuma kuliko miraa. Miraa itachipua. Mtoto alisimama getini.

Jioni nilimpakulia kama kawaida. Alikula kidogo. Aliniuliza kama nina homa.

Namchukia. Nimeandika ili nione linavyoonekana. Ni ndugu yangu, nilimbeba mgongoni, na namchukia.

Alhamisi, 27 Machi

Lazima niandike yote ya leo kwa utaratibu.

Wazee walikuja. Tulikaa uani, jua limetoka baada ya mvua. Chai, mkate, sukari nyingi kwa Mzee M'Arimi, ambaye ndiye mkubwa wao na masikio yake husikia anachotaka. Kobia aliongea sana. Alisema ananionea huruma. Alisema shamba la miraa ni kazi ya mwanamume na hata Mungu anajua. Alisema mbwa ni mbwa tu. Vichwa vilikuwa vinakubali. Niliona miti yangu ikiondoka na kila kichwa.

Nikaomba kitu kimoja. Wamwone mbwa.

"Tumekuja kuongea mambo ya shamba, sio ya umbwa," Kobia akasema. Lakini Mzee M'Arimi alikuwa bado anakunywa chai na hakuwa na haraka. Akasema alete.

Nilitandika gunia katikati ya watu. Nikamlaza Meneja kwa sauti ya chini. Nikawaambia wamwinue. Wakacheka. Kisha wakajaribu. Mmoja akapiga mluzi. Mwingine akamwita kwa Kimeru, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza cha polisi. Mzee M'Arimi alimgonga na bakora, si kwa nguvu. Nikaweka mutura mbele ya pua. Hakuna. Kobia mwenyewe alimfokea mpaka mate yakaruka. Hakuna.

Hapo hawakucheka tena.

Nikasema: Jumapili nilimkuta hivi, kwenye mvua, siafu juu yake, Mama Karimi huyu hapa ni shahidi. Aliyemlaza ana neno. Neno liko kwa watu wawili. Mmoja alikuwa kanisani, na nyote mlimsikia akiimba vibaya.

Macho yakaenda kwa Nyaga. Alikuwa amesimama karibu na tangi la maji.

Sikumshtaki zaidi. Nilisema tu, "Mimi simwachilii leo." Nikakaa, nikachukua kikombe changu.

Nilikuwa naogopa. Angenyamaza tu ningekuwa nimeshindwa. Angesema, mimi nilikuwa Kaaga, dada amechanganyikiwa, na wazee wangekubali, hata ningemtaja Kinya, kwa sababu walitaka kukubali. Alihitaji kufunga mdomo, basi. Na kwa siku zote hizo alikuwa ameufunga vizuri.

Tulikaa. Nzi walikuja kwenye mutura. Nzi walikuja kwenye macho ya Meneja, hakupepesa. Alianza kulia, kile kilio chembamba cha puani. Mutura hakuutazama. Alinitazama mimi kwanza. Nilipogeuza uso, akamtazama Nyaga. Hakuondoa macho tena. Mkia ulikuwa unagonga chini polepole, unaacha, unagonga. Kobia akasema huu ni upuuzi, tuendelee. Mzee M'Arimi akamwambia anyamaze.

Kisha nikalisikia. Chini chini, kwa sauti iliyokatika, kwa Kimbeere cha mama.

Meneja aliruka. Aliuruka mutura, hakuugusa, akaenda moja kwa moja kwa Nyaga. Nyaga akachuchumaa akaficha uso kwenye shingo ya mbwa na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Ni mimi nilimlaza," akasema. "Watu ni wa Baba Mwenda. Mimi nilifungua geti tu na kumlaza. Tukaondoka mbio, nikasahau kumwachilia. Nimesikia mvua hiyo kila siku, dada."

Kobia akasimama akiapa kwa jina la baba yake. Wazee wakaanza kuongea wote pamoja kwa Kimeru, kasi, nikashindwa kufuata nusu. Nusu niliyofuata ilinitosha. Kobia alikuwa amemwahidi kona ya chini ya miraa, achume kama yake, na mahali pa kujenga. Nyaga hana ardhi, hana mbuzi, na hapa anaitwa Muguka. Alitaka kuwa mtu. Kwa miti yangu.

Wameamua: miti inabaki kwangu na kwa Kinya, Kobia asikanyage tena. Alete dume la ng'ombe kuwa faini. Dume lenyewe watalila wao.

Walipoondoka nilimwambia Nyaga asilale kwangu. Alisimama mlangoni, akaniambia jambo ambalo bado liko masikioni:

"Wewe kila jioni ulinituma niwe mwizi, dada. Baba Mwenda aliniomba mara moja tu."

Ijumaa, 28 Machi

Ni uongo. Mchezo ni mchezo. Mtu mzima anajua tofauti.

Ni uongo, lakini siku nzima limenifuata shambani. Sikula.

Jumapili, 6 Aprili

Kanisani kila mtu ananishika mkono na kuniambia kikulacho ki nguoni mwako. Wa kwanza nilimshukuru. Wa mwisho nilimwambia nguo nimeshazifua, tuongee mengine. Nyaga analala kwa rafiki yake mchumaji, upande wa sokoni. Mama alipiga simu kutoka Ishiara akilia. Anataka nimsamehe kwa sababu ndiye kitinda mimba. Nikamwambia mimi ndiye wa kwanza, mbona hilo halihesabiwi?

Nilishinda. Miti ni yangu. Mbona najiona kama niliyeibiwa mara ya pili?

Jumanne, 8 Aprili

Nimebadilisha kufuli. Hakuna neno tena. Sasa ni mkono: kiganja chini, lala. Ngumi, inuka. Meneja ameshika kwa siku chache tu. Ni mwerevu kuliko ukoo wote.

Kazi kubwa ni lile neno la zamani. Kulifundisha kulinichukua miezi. Kulisahaulisha ni shida maradufu. Nalisema, na akilala namburuta ainuke. Nalisema tena, namnyima chakula mpaka asimame. Neno la mama yangu. Kule kwetu ukilisikia jioni ujue mbuzi wamefika na kuna uji. Hapa ninalisema mpaka lipoteze maana, na kila akilipuuza nampa nyama. Leo alilipuuza mara zote. Nilimsifu, kisha nikakaa kwenye ngazi, sikujua nifanye nini na mdomo wangu.

Mama Karimi amejitolea kuwa mwizi. Alikuja na aproni na gambuti, akatikisa mti, akapiga kelele "Naibaaa!" Meneja hakujua amuume au amwonee huruma. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili.

Jumamosi, 12 Aprili

Nyaga alikuja kuchukua mfuko wake. Anarudi Ishiara.

Alisimama nje ya geti. Meneja alifika kabla yangu, anabweka na kutikisa mkia kwa wakati mmoja, mbwa mzima amechanganyikiwa. Nyaga akasema neno, bila ubaya nadhani, kwa mazoea tu. Meneja hakulala. Alibaki amesimama katikati ya njia. Nyaga alilisema tena. Kisha akaelewa, akanitazama, na uso wake ulikuwa mbaya kuutazama.

Nilishusha kiganja. Meneja akalala.

Mfuko nilikuwa nimeuweka tayari kwenye veranda. Ndani niliweka sweta ya Mutuma, kwa sababu njia ya kwa mama ni ndefu na mvua ni nyingi siku hizi. Sikumwambia. Alipita, akauchukua, akapita tena. Hakuomba msamaha, na mimi sikumwambia aende salama. Alipofika kona ya mtoni aligeuka akapiga ule mluzi wake wa kumwita mbwa chakula cha jioni. Meneja alitetemeka kutoka masikio hadi mkia. Kiganja changu kilikuwa bado chini. Kilikuwa kizito, na sijui nilikuwa namshikilia nani.

Nyaga alipopotea nilikunja ngumi. Meneja aliinuka, akanusa geti, akarudi.

Miraa imeanza kuchipua tena, hata ule mti mzee, pembeni mwa tawi lililovunjika. Mvua ni nzuri. Kinya anafunga shule hivi karibuni na ataniuliza mjomba yuko wapi.

Jioni sikuita mazoezi. Nilikuwa nachambua maharagwe. Meneja alikwenda mwenyewe kwenye gunia, akalala, kidevu chini, akatazama njia ya mtoni. Sikuwa nimemwambia. Niliacha maharagwe nikakaa chini karibu naye, nikatazama na mimi mpaka giza likatufichia ua. Hakuna mwizi aliyekuja.